Mkanda Mpya, Hesabu ya Zamani

Tindo aliyaona magurudumu ya mbao kabla hajaiona mashine. Yalikuwa nje ya mlango wa karakana, matatu, juu ya rundo la mbao za kuwashia moto, na moja lilikuwa limeshapasuliwa katikati. Alisimama na mkoba begani, bega lile lile lililomweka siku tisa kwa shangazi yake akikandwa kwa maji ya moto, akayatazama kama mtu anayetazama viatu vya marehemu.

Magurudumu yale ndiyo yaliyokuwa yakiuzungusha mkanda wa msasa wa mashine yao ya kusagia visu. Baba yake aliyachonga kwa mkono. Mota aliitoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, fremu ilikuwa kitanda cha chuma katika maisha yake ya kwanza, na springi ya kukazia mkanda ilitoka chini ya kiti cha baiskeli. Ilikuwa mashine kiwete. Ukiisukumia chuma kwa nguvu, ilisimama ikakusubiri uombe radhi. Lakini Tindo aliyajua maradhi yake yote kwa miaka kumi na minne, alijua pa kuisaidia kwa goti na pa kuibembeleza kwa bega, na hakuna mwingine katika nyumba ile aliyeweza kuifanya itembee siku nzima.

Jina la Tindo alipewa na baba yake kwa sababu ya ulimi wake, uliokata kama tindo inavyokata chuma baridi. Mdogo wake wa kike aliitwa Spana. Huyo alisomea mitambo, akafanya kazi kiwandani miaka sita, kisha akarudi kufanya kazi na dada yake, na tangu utotoni hakuwahi kuona kitu kimefungwa asitake kukifungua.

Basi alikuwa amefungua. Tindo alipoingia ndani alikuta pale pale, kwenye kona ile ile, kitu kingine kabisa. Fremu ya chuma kinene iliyofungwa kwa boliti kwenye sakafu. Magurudumu ya alumini yanayong'aa. Mota mpya kubwa kama kichwa cha ng'ombe, na kisanduku ukutani chenye kitufe cha kuzungusha, cha kuongeza na kupunguza mwendo. Hata taa ndogo ya shingo ndefu ilikuwepo, imeinamia mkanda kama daktari wa meno. Ndoo ya maji tu ndiyo iliyobaki ya zamani, na hiyo nayo ilikuwa imesafishwa.

Wahenga walisema hasira hasara. Sawa, lakini wahenga hawakwenda kutibiwa bega wakarudi wakakuta mashine yao imegeuzwa kuni. Tindo alipandwa na mori mpaka masikio yakawaka. Siku tisa tu! Hakuulizwa, hakupigiwa simu, hakuambiwa hata kwa fumbo. Kila jioni Spana alikuwa akimpigia kumuuliza bega linaendeleaje, na kumbe alikuwa anapima siku zilizobaki. Mkubwa ni jalala, wanasema, kila uchafu hutupwa kwake. Leo jalala lilikuwa limejaa.

Na si mashine peke yake iliyomchoma. Kwenye meza, ndani ya kitambaa chenye mafuta, lilikuwepo bapa la kisu ambalo baba yao alilifua kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Lilikuwa la mwisho. Alilipiga nyundo mwenyewe, akalipasha moto, akalizima kwenye mafuta, akalipasha tena kidogo ili lisiwe la kuvunjika, na baada ya wiki mbili hakuweza tena kushika hata kikombe kilichojaa. Kazi iliyobaki ilikuwa kulisaga ubavu hadi makali yatokee, na kazi hiyo alimpa Tindo, si Spana. Kila asubuhi mzee aliuliza swali moja, na hata kwa shangazi alilipeleka kwa simu: kisu changu kiko wapi? Bapa lingine kama lile lisingefuliwa tena na mkono ule, na watu wote watatu walilijua hilo bila kulisema.

Tindo akaamua atalimaliza siku hiyo hiyo, kabla Spana hajarudi kutoka dukani. Atalimaliza kwa ufundi wake, kisha amtazame mdogo wake machoni na kumwambia kwamba kisu hakitengenezwi na mapambo.

Alipoigeukia mashine ndipo alipoona chaki. Ukutani, juu ya kisanduku, Spana alikuwa ameandika mstari mzima kwa herufi kubwa, ulioanza na maneno "DADA, USI". Tindo hakufika mbali zaidi ya hapo. Usi! Yaani baada ya yote haya, anawekewa na masharti, usiguse, usifanye, kama mgeni kwenye nyumba ya watu! Alivua kitambaa cha kichwani, akakichovya kwenye ndoo, akaufuta ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho kwa nguvu kiasi kwamba bega lilimlilia.

Kisha akawasha.

Mashine haikunguruma, haikukohoa. Ilitoa mlio mwembamba tu, na mkanda ukaenda bila kuyumba hata unywele. Kitufe cha mwendo hakukigusa, maana kukigusa kungekuwa kama kukubali kwamba kipo. Akashika bapa kwa mikono mitupu, kama alivyofundishwa, akaliegemeza, akalivuta polepole kutoka upande wa mpini hadi kwenye ncha. Cheche ziliruka nyingi kuliko alivyozoea. Mara ya kwanza. Ya pili.

Sasa, sheria ya baba yao ilikuwa moja, na mabinti wote wawili waliijua kabla hawajajua kusoma: sita, chovya. Unavuta bapa mara sita, kisha unalizamisha kwenye maji lipoe, kwa sababu chuma kilichokwisha kutiwa ugumu kikipata moto tena kupita kiasi hulainika. Rangi ndiyo inayokuambia. Kwanza manjano, kisha kahawia, kisha buluu, na kikishafika buluu hicho si kisu tena, ni msumari. Sita ilikuwa hesabu ya magurudumu ya mbao na mota ya kufulia nguo. Tindo hakuihesabu kwa kichwa. Ilikuwa imo mikononi, na mikono yake siku hiyo ilikuwa na hasira kuliko yeye mwenyewe.

Tatu. Nne. Bapa lilisagika kama sabuni, na hilo lilimuudhi zaidi, kwa sababu lilikuwa linasagika vizuri. Tano. Kidole gumba, kilichozoea kumpimia joto, hakikumwambia kitu, maana kilikuwa huku nyuma na ncha ilikuwa kule mbele, nyembamba, peke yake na moto. Sita.

Alipoliinua chini ya ile taa, ncha ilikuwa buluu.

Alilizamisha, maji yakafoka, akalitoa. Buluu. Akaifuta kwa kidole, akaifuta kwa kitambaa, akaenda nalo mlangoni kwenye mwanga wa jua, ukichaa mtupu, kana kwamba jua lingekuwa na maoni tofauti. Ilikuwa buluu nzuri, kusema kweli.

Spana alimkuta amekaa kwenye rundo la kuni na bapa mapajani. Tindo hakumpa hata nafasi ya kuamkia. Alimwambia yote, kuanzia siku aliyozaliwa. Alimwambia ni mwizi wa kazi za watu, mjuaji wa kiwandani, mtu asiye na simile. Alimwambia ameua mashine na sasa ameua na kisu cha baba. Spana alisikiliza huku mfuko wa boliti ukiwa mkononi. Alilitazama bapa, akamtazama dada yake, kisha akaingia ndani. Alipotoka, sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Nani amefuta ukuta?"

"Mimi. Huwezi kuniandikia amri mimi."

"Ulisoma mpaka wapi?"

Tindo akaligeuza bapa mapajani.

"Dada, nimekuuliza. Ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka usi."

Spana akauweka mfuko chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuutupa. "Niliandika, dada, usihesabu sita, hii inakimbia mara tatu ya ile ya zamani, hesabu mbili uchovye. Niliandika ukutani kwa sababu nilijua nikikwambia kwa mdomo utanikatiza." Akaionyesha mashine kwa kidevu. "Unadhani niliijenga kwa ajili ya nani? Mimi sisagi. Bega langu haliumwi."

Hapo ndipo baba yao alipotokea kwenye mlango wa nyuma wa nyumba, akishikilia ukuta. Alikuwa amesikia kelele, na mzee yule hakuwahi kupitwa na ugomvi katika nyumba yake. Hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono apewe bapa, kisha akaomba tupa.

Tupa ikiteleza juu ya chuma, chuma ni kigumu. Ikila, kimelainika. Mzee aliipitisha kuanzia upande wa mpini, mkono ukitetemeka, na tupa ikateleza, ikateleza, ikateleza. Karibu na ncha ikala. Alirudia mara mbili, kisha akalikwaruza bapa kwa ukingo wa tupa, mstari uliopinda kidogo, vidole viwili kutoka kwenye ncha.

"Kata hapa," akasema.

Tindo akaanza kusema kwamba yote yametokana na mashine kubadilishwa, kwamba angeulizwa tu, kwamba hata magurudumu yake yamefanywa kuni.

"Mimi ndiye niliyemruhusu," mzee akamkata. "Na yale magurudumu yalikuwa mabovu tangu siku nilipoyachonga. Miaka yote hiyo nakusikia ukiyasukuma kwa bega, nikaona haya kusema. Kata hapa. Akate aliyeunguza."

Basi alikata. Spana alishusha mwendo hadi chini, akasimama kushoto kwake bila kumgusa, na hakuna aliyemsamehe mwenzake kwa wakati ule, tusidanganyane. Spana alihesabu kwa sauti ya mtu anayesomea mtoto mkaidi. Moja, mbili, chovya. Moja, mbili, chovya. Mara kadhaa mikono ya Tindo ilitaka kwenda ya tatu, akairudisha kwa kuuma meno. Ncha ya buluu ilianguka kwenye vumbi, na ncha mpya ikaanza kuchongeka nyuma yake, butu kwanza, kisha kali. Bega halikumuuma hata kidogo, na hilo alilisikia waziwazi, na hakulisema.

Jioni walimpelekea mzee kisu chake. Alikigeuza, akajaribu makali kwenye ukingo wa gazeti, gazeti likaachana bila kelele. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka vidole viwili vinavyotetemeka mbele ya ncha, pale penye hewa tupu, pale chuma chake kilipokuwa asubuhi.

"Hasira yako ina urefu huu," alimwambia Tindo. "Yangu ilikuwa ndefu zaidi. Ila mimi hakuna aliyeniandikia ukutani."

Tindo alikuwa na jibu. Daima alikuwa nalo. Safari hii alilimeza, akarudi karakanani, akaokota chaki chini ya kisanduku, akaandika mwenyewe "MBILI, CHOVYA" kwa herufi kubwa kuliko za mdogo wake. Halafu akachukua ufagio.