Paka Chini ya Bawa

Paka wa kwanza alikuja Jumatatu. Jefwa alimkuta ameketi chini ya bawa la kushoto la ndege, pua juu, macho juu, kama mtu anayengoja kukaribishwa mezani. Akamfukuza kwa kipande cha ubao. Jumanne walikuwa watatu. Jumatano hakutaka kuwahesabu.

Mwangi, fundi wa injini, alicheka hata akakaa juu ya debe. Alisema wakati wa vita alifanya kazi miaka minne katika karakana za ndege, akaona ndege zenye matundu ya risasi na ndege zilizoungua, lakini ndege inayopendwa na paka hajapata kuiona.

"Fundi wa mashua," akamwambia Jefwa, "umetuwekea samaki humo ndani?"

Jefwa naye akacheka. Lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Maana samaki kweli alikuwamo, na aliyemweka ni yeye.

Ndege yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilikuwa ndogo, ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, mifupa yake ya mbao na ngozi yake ya kitambaa. Mwenyewe wa kwanza alikwenda vitani na hakurudi, nayo ikabaki katika banda moja huko Changamwe, karibu na uwanja wa ndege wa Port Reitz, kuku wakitaga juu ya viti vyake. Mwaka wa 1947 ikanunuliwa na mzungu aliyefanya kazi bandarini, Bwana Tolley, mtu mrefu, mpole, mwenye kigugumizi. Aliinunua kama mtu anavyonunua punda mgonjwa, kwa kuihurumia. Kisha akatafuta watu wa kuifufua. Injini akampa Mwangi. Mbao akampa Jefwa. Kushona kitambaa cha mabawa akampa Nyamvula, mke wa Jefwa, aliyejifunza sindano kwa wamisionari wa Rabai, na ambaye mshono wake hukuweza kuona ulipoanzia wala ulipoishia.

Siku ya kwanza Bwana Tolley aliwawekea sharti moja. Kila atakayeitia mkono ndege hii atapaa nayo. Alisema mtu akijua kwamba ataikalia kazi yake mwenyewe huko juu, haruki mshono wala haachi ufa. Kazi ilipokaribia kwisha wakapiga kura kwa vijiti ndani ya kofia, na kijiti kirefu kikamwangukia Nyamvula. Yeye ndiye angepaa kwanza, Bwana Tolley akirusha, Jumamosi saa tatu asubuhi, mbele za watu.

Tangu siku hiyo Nyamvula alikuwa kama msichana. Aliuliza kama Rabai itaonekana kutoka juu. Alipoambiwa huenda ikaonekana, alituma ujumbe kwa mama yake, siku hiyo aanike shuka jeupe juu ya paa apate kuitambua nyumba. Akajishonea gauni jipya la buluu. Jefwa alimtazama akishona, na siku za mwisho kila sindano ilipopita ilikuwa kama inapita kwake.

Sasa habari ya samaki ni hii. Jefwa alijifunza ufundi Jomvu Kuu, kwa mjenzi wa mashua aliyeitwa Mwidani, na jambo la kwanza alilofundishwa ni kwamba mbao isiyokunywa mafuta ni chakula cha wadudu. Boriti kubwa ya bawa la kushoto, ile inayobeba bawa zima, ilikuwa imebunguliwa karibu na shina, pale bawa linapoungana na mwili wa ndege. Jefwa aliukata ule ubovu akaunga mti mpya, kiungo cha mshazari chenye urefu wa dhiraa moja. Bwana Tolley alikoroga gundi ya unga mweupe, yenye harufu ya maziwa yaliyochacha, akamwonyesha jinsi ya kupaka pande zote mbili, kubana kwa jiliwa, na kuacha siku mbili. Gundi tu, alisema, na kitu kingine chochote kisiguse hapo. Kisha akaitwa bandarini.

Jefwa akabaki peke yake na ule mti mpya, mweupe, mkavu. Akauonea huruma. Katika mfuko wake wa kazi mlikuwa na chupa ya sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo watu wa pwani huzipaka mashua zao. Akaupaka mti pande zote mbili za kiungo, akayaacha mafuta yazame, akapangusa kwa kitambaa, ndipo akatia gundi na kubana. Hakumwambia mtu. Hakuwa mwizi wala mvivu. Moyoni mwake alikuwa anatoa zawadi. Maana katika mashua msumari ndio unaoshika, na mafuta hulinda. Haikumjia kabisa kwamba katika boriti ile hapakuwa na msumari wa maana, na kwamba gundi peke yake ndiyo iliyokuwa msumari na kamba na kila kitu.

Alilijua hilo Jumatano hiyo ya paka, wakati bawa lilikwisha kufungwa. Jumanne Mwangi alikuwa ameunga mpini wa nyundo kwa gundi iliyobaki, na sasa mpini ukamtoka mkononi. Bwana Tolley akamwambia akunjue viganja vyake. Vilikuwa vyeusi kwa grisi. Akaeleza, kwa kigugumizi chake, kwamba gundi hii na mafuta havilali nyumba moja. Hata alama ya kidole chenye mafuta yatosha kuiua. Tena haifi siku ile, alisema. Hukauka, hung'ang'ania kidogo, ukadhani imeshika.

Jefwa aligeuka akalitazama bawa la kushoto. Kitambaa kilikuwa kimeshonwa, kimepakwa dawa ya kukikaza hata kikalia kama ngoma ukikigonga, na juu yake rangi ya fedha. Lilipendeza. Lakini maiti pia huvishwa nguo safi. Jua la adhuhuri lilikuwa limeingia bandani na kulipasha moto, na harufu ya papa ilishuka polepole, nyembamba, na paka wakainua pua zao.

Angeweza kusema pale pale. Mdomo aliufungua. Lakini Mwangi alikuwa amesimama pale, Mwangi aliyemwita fundi wa mashua, na Bwana Tolley alikwisha kumwahidi Jefwa kazi ya kudumu katika karakana ya bandari. Tena Nyamvula alishona bawa lile mwezi mzima, vidole vikatoka damu. Akaufunga mdomo. Mficha maradhi, wahenga wamesema, kilio humfichua, na Jefwa aliijua methali hiyo kama ajuavyo jina lake. Haikumsaidia.

Badala ya kusema, akaomba. Aliomba Alhamisi njiani akienda kazini, aliomba Ijumaa huku akipiga randa ubao usiohitaji randa. Alimwomba Mungu ashike mahali ambapo gundi haikushika. Aliomba mvua inyeshe Jumamosi, injini ikatae, Bwana Tolley apatwe na homa ndogo isiyoua. Ijumaa jioni mbingu zilikuwa wazi hata unaweza kuhesabu minazi ya ng'ambo ya hori.

Jumamosi alfajiri walipiga magoti pamoja kama desturi yao. Nyamvula ndiye aliyeomba. Alishukuru kwa uzima, akamwombea binti yao Kahaso, akamwombea mama yake aliyekuwa anaanika shuka. Kisha akasema, "Na nakushukuru, Baba, kwa mikono ya mume wangu, maana leo nitakaa juu yake, na siogopi."

Jefwa hakuweza kusema amina. Alibaki magotini hata baada ya mkewe kusimama. Ndipo alipoona kwamba siku tatu nzima hakuwa akiomba. Alikuwa akimtaka Mungu amfichie siri.

Walitembea hadi uwanjani. Njia nzima Nyamvula alizungumza na Jefwa akaitikia, na mara tatu aliyaanza maneno yakamkwama. Walipofika, ndege ilikuwa imesukumwa nje, inang'aa. Watu kama thelathini walisimama kando. Bwana Tolley alikuwa amevaa kofia ya ngozi, na Mwangi alikuwa mbele, mkono juu ya pangaboi, akingoja amri ya kulizungusha. Paka mmoja wa kijivu alilala kivulini chini ya bawa la kushoto.

"Nipe mkasi wako," Jefwa akamwambia mkewe.

"Wa nini, Baba Kahaso? Nyuzi nilikata zote."

"Nipe."

Akautoa kikapuni. Jefwa akaenda moja kwa moja kwenye bawa, akachoma kitambaa karibu na shina, akakipasua kwa urefu wa mkono. Kililia kama kitu kilicho hai. Watu wakaguna. Mwangi akaja mbio akamkaba shingo, akimuuliza kama amepagawa, na Nyamvula alisimama akiutazama mshono wake unavyoning'inia.

"Njoo ushike hapa, Bwana," Jefwa akasema, shingo ikiwa bado mikononi mwa Mwangi. "Usivute. Shika tu. Nilipaka mafuta ya papa kabla ya gundi."

Bwana Tolley akaingiza mkono. Akatia ukucha wa kidole gumba kwenye kiungo, na ukucha ukaingia. Akaegemea kidogo. Kiungo kikaachana pasipo mlio wowote, pande mbili laini, safi, zinang'aa kwa mafuta, zilizokuwa zimeshikwa na visumari vinne vidogo vya shaba visivyoweza kubeba kuku.

Bwana Tolley akavua kofia yake. Alitaka kusema jambo, kigugumizi kikamzuia, akaliacha. Mwangi ndiye aliyesema. Mikono yake ilikuwa imeiacha shingo ya Jefwa.

"Juzi alfajiri Bwana alipaa nayo," akasema kwa sauti ndogo. "Kabla hamjafika. Alitaka kuijaribu peke yake kwanza, akaniambia nisiwaharibie sherehe. Mimi ndiye niliyemzungushia pangaboi. Aliposhuka aliniambia bawa la kushoto lilikuwa likitetemeka. Akasema ni upepo."

Walisimama wote wakilitazama tundu lile katika kitambaa, na kwa Jefwa lilikuwa refu kama kaburi. Kwa siku tatu alikuwa akiogopa jambo lijalo, na kumbe lilikwisha kupita mbele yao, angani, wao wakiwa bado wanakunywa chai.

Bwana Tolley hakumpigia kelele. Alimwambia tu aende nyumbani, na asirudi, na neno hilo la mwisho alilisema bila kigugumizi. Jefwa akaitika. Akakusanya tezo yake na randa yake. Chupa ya mafuta akaimwaga mchangani, na yule paka wa kijivu akaja kulamba.

Nyamvula aliuokota mkasi. Akaufuta kwa upindo wa gauni lake jipya, lakini harufu haikutoka. Akatazama upande wa Rabai, kule ambako shuka lilikuwa linapepea juu ya paa na mwanamke mzee amekinga macho kwa kiganja, akitafuta angani.

"Twende, Baba Kahaso," akasema. "Mama asije akangoja mpaka jioni. Rabai tutaiona kwa miguu."

Wakashika njia. Jefwa hakugeuka nyuma, lakini mkewe aligeuka mara moja, akamwambia kwamba paka yule anawafuata.