Tuzo ya Uwanja wa Tangini

Asubuhi ile Bi Mishi alikuwa uani kwake akisukutua maji ya tangawizi na karafuu, kichwa amekirusha nyuma, macho kwenye kamba ya nguo, grrrr, grrrr, mpaka paka wa jirani akashuka ukutani akaenda zake. Usiku uliopita alikuwa na harusi, na sauti ilikuwa imemkauka. Mtu mwengine sauti ikimkauka hunyamaza akapumzika. Bi Mishi akinyamaza, hali chakula.

Maana kazi yake ilikuwa hiyo, kutangaza tuzo za harusi. Siku ya kupamba, wanawake wakishajaa ndani ya turubai na bibi harusi ameketi juu katulia kama picha, Bi Mishi hushika mikrofoni. Kila tuzo ikiingia huuliza, "Yatoka kwa nani?" Mleta tuzo hujibu kwa sauti: jina, baba na mtaa. Bi Mishi huuliza tena, "Na yatolewa kwa lipi?" Mleta tuzo husema: kwa ujirani, kwa udugu, kwa kuwa bibi harusi alimuuguza mama yangu. Hapo tena vigelegele, mpaka masikio yazibe. Tuzo isiyo na jina haipigiwi kigelegele hata iwe ya dhahabu, kwa sababu anayepokea lazima ajue siku moja atamrudishia nani, na kwa njia gani. Na mleta tuzo akisema vizuri, bila kumung'unya maneno, hupewa sahani ya biriani aende nayo kwake. Ndiyo ada, na Bi Mishi hakuwa mtu wa kuvunja ada.

Harusi zenyewe zilifanywa uwanja wa Tangini, nyuma ya nyumba yake, uwanja wa vumbi usio na mwenyewe, yaani wa kila mtu. Sasa wiki ile walikuja watu na darubini ya miguu mitatu, wakapima, wakapiga vigingi vya rangi nyekundu kwenye pembe zote, wakaondoka bila hata kusalimia. Ukienda afisini kuuliza, waambiwa faili haionekani. Ukimuuliza chifu, akuuliza wewe umesikia nini. Mtaa mzima ulitaka kujua ni nani aliyenunua, lakini aliyekosa usingizi ni Bi Mishi. Uwanja ukienda, harusi zitahamia mahoteli ya ng'ambo ya maji, huko ambako tuzo hutiwa ndani ya sanduku kimyakimya kama barua za posta. Na yeye mjane wa watu ale nini?

"Hodi!"

"Karibu, nasukutua!"

Aliyeingia alikuwa Ngowa. Mchana Ngowa ni karani wa watu wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, jioni ni katibu wa tawi la chama cha Mwavuli. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, tisini na saba, na pale mtaani vyama viwili vilikuwa vikizomeana kila kona, Mwavuli na Ufunguo.

"Subalkheri, Bi Mishi."

"Akheri, mwanangu. Mbona umetota jasho? Wafukuzwa na Ufunguo?"

"Bora wangenifukuza. Wamemchukua Ronny."

Ronny ndiye aliyekuwa mtangazaji wa Mwavuli.

"Wamemchukua vipi, kwani ni mbuzi?"

"Amehama, Bi Mishi. Na spika zetu kahama nazo."

Bi Mishi akacheka mpaka maji ya tangawizi yakamtoka puani.

"Usicheke, mama. Leo alasiri tuna harambee ya chama, hapa hapa Tangini. Mgombea wetu, Mheshimiwa Lennox, anakuja. Sina mtangazaji, sina spika, na wewe una vyote viwili."

"Mimi ni wa harusi."

"Harambee si harusi tu? Watu wanatoa, wewe unatangaza."

Bi Mishi akajifuta pua na leso. "Na huyo Lennox wako asemaje juu ya vigingi?"

"Uwanja huu ataulinda kwa hali na mali! Atasema mwenyewe leo, utamsikia."

"Aliyevipiga ni nani?"

Ngowa akaanza kutazama masufuria. "Mimi karani tu, mama."

"Haya, n'takuja. Lakini n'takaa ndani ya turubai na wanawake wenzangu. Siwezi kusimama mbele ya wanaume nikapiga makelele kama mnadi samaki."

"Vyema kabisa. Ila kuna jambo moja. Majina usitaje. Wewe sema tu, rafiki wa maendeleo. Wafadhili hawapendi kujulikana."

"Wana haya?"

"Wana unyenyekevu."

"Maskini," akasema Bi Mishi. "Basi n'tajaribu."

Alasiri uwanja ulifurika. Wanaume walikaa kwenye viti juani, wanawake ndani ya turubai, na spika za Bi Mishi zikafungwa kwenye nguzo mbili. Jikoni masufuria ya chama yalikuwa yameshaanza kutoa harufu, na kila mtu akijifanya amekuja kwa ajili ya siasa. Mheshimiwa Lennox Thoya akafika kutoka kwake Kizingo na gari jeupe, suti ya kijivu, mwavuli mkononi umefungwa, anaupunga kama anafukuza kunguru.

"Uwanja huu ni wenu!" akanguruma. "Atakayeugusa, amenigusa mimi!"

Vigelegele vikapigwa, na Bi Mishi naye akapiga. Moyo ulimtulia kidogo. Akawaza, kumbe mtu mwenyewe si mbaya.

Halafu zikaanza bahasha. Kutoka ndani ya turubai Bi Mishi hakuwa akimuona Ngowa. Alikuwa akiona mkono wake tu, ukipenya kwenye upenyo wa turubai na bahasha ya kaki, na sauti nyuma yake ikinong'ona: "Rafiki wa maendeleo."

"Tuzo imefikaaa!" akaita Bi Mishi. "Yatoka kwa... rafiki wa maendeleo!"

Wanawake wakatazamana.

"Mwana wa nani huyo?" akauliza bibi mmoja kibogoyo aliyekaa mbele kabisa.

"Na mtaa gani?" akadakia mwengine.

"Ana mke?"

Kicheko kikapita ndani ya turubai kama upepo, lakini kigelegele hakikupigwa hata kimoja. Huko nje Lennox alikuwa ameshainua mikono kupokea shangwe. Akaishusha, akajifanya anajinyoosha.

Mkono ukapenya tena. "Rafiki mwengine wa maendeleo."

"Tuzo imefikaaa! Rafiki mwengine wa maendeleo!"

"Wawili hao ni ndugu?" akauliza kibogoyo.

Ngowa akaingiza mdomo kwenye upenyo. "Bi Mishi, waambie wapige vigelegele! Mheshimiwa anaaibika huku!"

"Mwanangu, kigelegele hakiuzwi dukani. Wanataka jina."

"Jina hakuna!"

"Basi wacha niulize kwa ada yetu." Na kabla Ngowa hajavuta pumzi, spika zikaita mtaa mzima: "Wageni wetu, msione haya! Kila aliyeleta tuzo asogee hapa kwenye turubai, aseme yatoka kwa nani na yatolewa kwa lipi. Atakayesema vizuri, biriani ya mbuzi i jikoni, sahani ya kubeba!"

Wanaume wakacheka. Kisha akainuka Jefwa mwenye malori, mtu mnene asiyejua kunong'ona tangu azaliwe.

"Yatoka kwangu mimi Jefwa, malori ya Kilindini!"

"Na yatolewa kwa lipi?"

"Kwa kuwa watu wa mizani ya barabarani wananisumbua, na Mheshimiwa kaniambia akishinda watalegea!"

Vigelegele vikapasuka. Jefwa akapokea sahani yake kwa mikono miwili. Kuona hivyo, Mama Nasipwondi wa hoteli ya chai karibu na stesheni naye akasimama, akasema yake yatoka kwake na yatolewa kwa leseni. Vigelegele! Watu wakapanda juu ya viti wapate kuona. Raha iliyokuwapo pale Mwavuli walikuwa hawajaipata tangu chama kianzishwe. Lennox alikuwa akicheka pia, lakini meno tu, macho yalikuwa yakimtafuta Ngowa.

Ndipo akainuka Kenga, dereva wa Bwana Gharib wa Mbaraki. Kenga alikuwa ameagizwa jambo jepesi, ampe Ngowa bahasha mkononi, arudi garini. Ngowa ameshaipata, na yeye Kenga angekuwa zamani ameondoka. Lakini ile harufu ilikuwa imemshika miguu. Na juu ya hayo, miaka yote ndiye aliyekuwa akipeleka tuzo za mke wa Gharib kwenye harusi za Mji wa Kale. Kuulizwa na Bi Mishi mbele ya watu tuzo yatoka kwa nani, kisha anyamaze kama mwizi wa kuku? Hilo hajawahi kulifanya. Akafunga kifungo cha juu cha shati, akakohoa.

"Tuzo imefikaaa! Yatoka kwa nani?"

"Yatoka kwa Bwana Gharib bin Taib, wa Mbaraki, mwenye maghala ya simiti!"

"Mashallah! Na yatolewa kwa lipi?"

"Kwa uwanja huu!"

Ndani ya turubai wanawake wakasogea kwenye upenyo.

"Uwanja upi, mwanangu?" akauliza Bi Mishi, sauti laini kama halua.

"Huu huu wa Tangini tuliokaa. Bwana ataka kujenga ghorofa. Amesema Mheshimiwa ni mtu mwema, akishinda hati zitatoka haraka." Kenga akangoja vigelegele. Havikuja. Akadhani labda kuna kitu amesahau, na sahani itamponyoka, basi akaongeza kwa bidii: "Na Bwana wangu si mchoyo! Hata Ufunguo asubuhi nimewapelekea bahasha kama hii hii, saizi moja, pasiwe na wivu!"

Hapo uwanja ukapasuka. Wengine wanacheka, wengine wanazomea, wengine wanacheka na kuzomea pamoja. Vijana wa Ufunguo waliokuja kuharibu mkutano wakainamia viatu vyao.

"Zimeni spika!" akapiga kelele Lennox. "Ngowa, zima hiyo!"

Lakini mashine ilikuwa ndani ya turubai, na ndani ya turubai ni wanawake tu, mwanamume gani ataingia? Ngowa alitia mkono. Mkono ukapigwa kofi.

Bi Mishi akazitazama bahasha zilizokuwa mapajani mwake. Wiki nzima amekesha akiuliza ni nani, kumbe jibu alikuwa amelishika kwenye bahasha ya kaki akiliita rafiki wa maendeleo. Akaisogeza mikrofoni mdomoni, na sauti ikatoka vile vile ya harusi, ya kuchekesha.

"Bwana Lennox! Ada yetu waijua. Tuzo ikishatajwa mbele ya watu, mpokeaji ana mawili. Aipokee tumpigie kigelegele, tujue atairudisha kwa njia gani. Au aikatae, irudi kwa mwenyewe. Wewe waipokea ama waikataa?"

Lennox akapangusa shingo. "Ndugu wananchi, suala hili ni zito. Tutaliundia kamati..."

"Bibi harusi hana kamati!" akapiga ukelele kibogoyo.

"Waipokea ama waikataa?" Sasa uwanja mzima ulikuwa ukiuliza, hata Jefwa, mdomo umejaa biriani.

"Irudishwe," akasema Lennox.

"Hatukusikia!"

"Irudishwe! Leo hii hii!"

Ah, vigelegele vya hapo! Kunguru waliruka wakaenda kutua forodhani. Lennox akapewa ile bahasha ya Gharib na Bi Mishi mwenyewe kupitia upenyo, airudishe, akaiinua juu kila mtu aione, akaitia mfuko wa ndani wa suti, akaingia garini. Ngowa akamfuata mbio, mwavuli wa chama kwapani.

Kenga alibaki amesimama pale pale. "Na biriani yangu, Bi Mishi?"

Bi Mishi alitoka, akampakulia kwa mkono wake, akamzidishia viazi. "Kula, mwanangu. Kesho huenda huna kazi."

"Kwani nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Umesema vizuri kuliko wote."

Siku zikaenda. Vigingi vilikaa pale pale. Wanawake wakataka kuving'oa, Bi Mishi akawazuia. Mtu amesema mbele ya watu, alisema, tumpe nafasi. Ngowa alianza kwenda kazini kwa njia ya nyuma, akimuona Bi Mishi mbele, akumbuka amesahau kitu nyumbani. Kenga alifutwa, na huko Mbaraki Bi Mishi hana tena wa kumuuliza bahasha imefika au haikufika. Basi jioni moja Bi Mishi akavaa buibui, akaenda dukani kwa Dzoro, ambako kulikuwa na simu ya kulipia, akapiga Kizingo.

Haikupokewa na mtu. Ilipokewa na mashine, na sauti ya Lennox ndani yake ikasema hayupo, mwenye ujumbe aseme baada ya mlio. Bi Mishi hakuwahi kuzungumza na mashine ya namna ile. Lakini mikrofoni ni mikrofoni. Akajikohoza, akasimama wima, na watu waliokuwa wakinunua sukari wakageuka.

"Bwana Lennox, masalkheri! Ni mimi Mishi wa Tangini. Vigingi bado vipo, viwili watoto wamevifanya goli. Nauliza moja tu. Ile tuzo ya Gharib ilifika Mbaraki, au imelala kwako? Ikiwa ilifika, niambie, Ijumaa nina harusi, nikutangaze jina na baba na mtaa. Ikiwa imelala kwako, niambie pia, nikutangaze vivyo hivyo. Niko kwa Dzoro, nakungoja."

Akaweka simu, akaketi juu ya kreti la soda, mkoba mapajani.

Simu ya Dzoro ililia jioni ile, si kwamba haikulia. Alipiga mtu wa mchele. Alipiga mtu wa mafuta taa. Alipiga mtu aliyekosea nambari, akaomba radhi vizuri sana. Kila ikilia Bi Mishi huinuka nusu, akarudi kuketi. Dzoro akafagia, akaingiza magunia, akateremsha mlango mmoja.

"Bi Mishi, nifunge?"

"Ngoja kidogo," akasema Bi Mishi. "Huenda yuko chooni."

Dzoro akangoja, komeo mkononi. Bi Mishi akalisogeza kreti karibu na simu isiyolia.