Chapisha, Rudisha, Futa

Wanafunzi walimwita Wembe, naye alijua, na wala hakukasirika. Mwalimu wa lugha asiye na makali atakata nini? Kwa miaka kumi na tisa darasa la insha la mwaka wa mwisho lilikuwa lake, na kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, alisoma kwa sauti insha mbovu kuliko zote za juma hilo. Jina la mwandishi hakulitaja. Haja ilikuwa wapi? Aliyeinamisha kichwa ndiye.

Kisha ikaja blogu. Mkuu wa shule alirudi kutoka semina analo neno hilo mdomoni kama mtoto aliyepewa peremende. Insha zote sasa ziandikwe kwenye kompyuta, ziwekwe kwenye blogu ya darasa, wazazi wasome, dunia isome. Mwalimu wa kompyuta, kijana wa suruali za kubana, akaongeza la kwake: kila mwanafunzi ajichagulie jina la kubuni ili aandike bila hofu.

"Bila hofu ya nani?" Wembe aliuliza kikaoni.

Walimu wenzake wakayatazama maji ya chai kana kwamba jibu limezama humo. Mkuu ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, tusizungushane. Mkutano wa wazazi ni katikati ya muhula, na blogu itaonyeshwa ukutani. Mambo yakienda vizuri, darasa la insha ni lako. Nikipata lalamiko moja tu, nampa huyu kijana. Nimechoka kufuta machozi ya watoto wa watu ofisini kwangu."

Wembe aliondoka bila kumaliza chai. Darasa lile ndilo pekee alilobaki nalo. Mumewe alikuwa ameshazikwa, watoto wameshahama, na shule isingempa kingine cha maana zaidi ya zamu ya kusimamia usafi.

Kazi yenyewe aliimudu kwa alasiri moja, kwa ubishi tu, ili kijana asipate raha ya kumfundisha mara mbili. Kila insha ilimfikia yeye kwanza. Chini yake palikuwa na vitufe vitatu: Chapisha, Rudisha, Futa. Kilichomuuma ni mwandiko. Kwenye madaftari alimjua kila mtu: huyu herufi zake nene, yule kalamu inatoboa karatasi. Sasa wote arobaini waliandika kwa herufi zilezile, na majina yenyewe ni Radi, Malkia na Mzee wa Kazi. Alikuwa kipofu ndani ya darasa lake mwenyewe.

Juma la tatu ikaingia insha ya mtu aliyejiita Pilipili. "Mwalimu wangu ni mkali," ilianza. "Hana huruma. Ameharibu maisha ya watu."

Aliisoma mara tatu. Kidole kilishafika kwenye Futa alipojizuia. Insha aifanyie nini? Alimtaka mwenye insha. Akabonyeza Rudisha na kuandika chini: "Ukali si habari. Walimu wakali wamejaa tele. Huyu alifanya nini, lini, mbele ya nani? Bila mfano hizi ni porojo." Ushauri ulikuwa mzuri, na ulikuwa mtego. Kila mfano ungempunguzia watu wa kushuku.

Baada ya siku nne insha ilirudi na zile Ijumaa zake: anavyokohoa kabla ya kuanza kusoma, anavyonyanyua nyusi, darasa linavyocheka kwa woga. Hayo yeyote kati ya arobaini angeweza kuyaandika. Akarudisha tena. "Unasema watu. Nionyeshe mmoja." Na kwa kuwa mazoea yana taabu, mkono wake uliongeza: "Aya ya pili ihamie mwanzoni. Ina nguvu zaidi."

Mara ya tatu insha ilikuja siku tano kabla ya mkutano. Aya ilikuwa imehamia mwanzoni, na baada yake palikuwa na mpya.

"Kaka yangu alikaa katika darasa hili miaka minne iliyopita. Aliandika insha kuhusu kifo cha bibi yetu. Ilianza hivi: Bibi alipofariki, nyumba ilibaki na viti vingi. Mwalimu aliisoma Ijumaa. Alipofika hapo akasimama, akauliza: 'Kwani vilizaana?' Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia. Kuanzia siku hiyo kaka yangu aliitwa Viti. Alivumilia mwezi mmoja, akaacha shule. Sasa anabeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akipewa fomu yoyote ananiita mimi niijaze."

Mtego ulikuwa umenasa. Yule binti wa nyuma kabisa, anayejibu "sijui" hata kwa anachokijua, alikuwa na jina la baba lilelile la kijana Viti kwenye daftari la mahudhurio. Wembe alingoja furaha ya ushindi, haikuja. Alikuwa amerudi kwenye ile sentensi ya viti. Nyumbani kwake meza ilikuwa na viti vinne, na vitatu alivisukuma ukutani tangu mwaka juzi kwa sababu hakuweza kula akivitazama. Katika miaka yote kumi na tisa hakuna mwanafunzi aliyemwandikia sentensi nzuri kama hiyo, naye aliigeuza kichekesho ili watu wacheke kabla ya kwenda nyumbani. Aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu azime kompyuta na kukaa tu.

Akaamua ataichapisha. Darasa liende, liwalo na liwe. Lakini sentensi ilikuwa ya mtu mwingine, na yeye mwenyewe alifundisha kila mwaka kwamba cha mtu hakichapishwi bila idhini yake. Alhamisi baada ya masomo alichukua nakala ya karatasi, akaenda kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi.

Alimkuta kaka mtu anashusha mifuko kutoka kwenye lori, vumbi la saruji limempanda hadi kwenye kope.

"Shikamoo, Mwalimu," kijana alisema, mfuko ukiwa begani. Sauti yake haikuwa na shikamoo yoyote.

"Marahaba. Nina jambo. Dadako ameandika insha."

Akautua mfuko, akajifuta mikono, akasoma palepale akiwa amesimama. Alisoma taratibu. Alipomaliza aliikunja karatasi mara nne.

"Nani kakwambia nataka watu wasome haya?"

"Dadako ndiye…"

"Dadangu hakuniuliza. Na wewe mara ile hukuniuliza."

"Ndiyo maana leo nimekuja kuuliza."

"Basi jibu ni hapana. Futa. Mama anajua niliacha shule kwa sababu nilitaka kazi. Jumamosi mkutanoni atakuwa amekaa pale mbele. Unataka aone ukutani jinsi kifo cha mama yake kilivyochekesha watu?"

Wembe hakuwa amelifikiria hilo. "Sawa. Nitamweleza dadako kwamba wewe ndiye…"

"Usithubutu." Kijana alimsogelea. "Kumbe wiki tatu hizi anaandika kwa ajili yangu. Simu yangu haipumziki, kila saa ameishika, anafuta, anaandika upya. Akijua mimi ndiye niliyekataa, hataandika tena. Mwache akuchukie wewe. Umezoea."

Kutoka kwenye lori mtu alipaza sauti kwamba mzigo haujishushi wenyewe.

"Ile sentensi ya viti," Wembe alisema, "ilikuwa nzuri sana."

"Umechelewa, Mwalimu," alijibu, akainama kuuchukua mfuko wake.

Ijumaa aliifuta. Palipoandikwa Sababu alijaza: "Uamuzi wa mwalimu."

Jumamosi mambo yalikwenda vizuri, tena vizuri mno. Projekta ilimulika ukuta, insha zikapita moja baada ya nyingine, za Radi, za Malkia, wazazi wakapiga makofi. Mkuu alimsifu Wembe kwa maneno ya semina. Mama mmoja wa mstari wa mbele alipiga makofi kuliko wote, na pembeni yake binti yake aliukodolea macho ukuta mpaka insha ya mwisho ilipopita.

Alimngoja Wembe kwenye korido.

"Umeifuta."

"Nimeifuta."

"Kwa hiyo uliogopa."

Jibu lilikuwa limekaa mdomoni mwake, fupi tu, jina la mtu mmoja. Wembe alilimeza.

"Ndiyo. Niliogopa."

"Wiki tatu unanituma. Toa mfano, hamisha aya, nionyeshe mmoja. Nikadhani labda…" Binti akatikisa kichwa. "Nilikuwa mjinga. Kaka alisema wewe hubadiliki."

Akaondoka bila kuaga. Nyuma yake Mkuu alikuja akicheka, akaushika mkono wa Wembe na kuutikisa mbele ya wazazi. Darasa lilikuwa lake mpaka mwisho wa mwaka, na hakuwahi kujichukia kama alivyojichukia dakika ile.

Jumatatu asubuhi insha mpya ilikuwa inamngoja. Binti hakujiita Pilipili safari hii. Alikuwa ameweka jina lake kamili, na la baba. Kichwa cha insha kilisema: "Mwalimu Mwoga." Ilieleza kwamba mwalimu alimfanya aandike mara tatu, akayaona makosa yake mwenyewe, kisha akaifuta kazi ili asipokonywe darasa. Kaka hakuwemo. Bibi hakuwemo, wala viti, wala jambo lolote la kumwumiza mama. Kila aya ilikaa mahali pake, na sababu aliyompa mwalimu wake ilikuwa ya uongo tangu mwanzo hadi mwisho, uongo ambao mwandishi wake aliuamini kwa moyo wote.

Wembe aliisoma polepole, akitafuta neno la kusahihisha. Hakuliona.

Akabonyeza Chapisha. Kisha akafungua kabati la darasa na kuanza kutoa vitu vyake, kwa sababu Mkuu huisoma blogu saa nne, na ilikuwa imeshafika saa tatu na nusu.