Wosia wa Mzee Kanivali

Kila mwaka, kabla ya kumchoma Mzee Kanivali, lile sanamu la majani makavu, kijiji kizima hukusanyika uwanjani kusikiliza wosia wake. Watu hutumbukiza vikaratasi vya kejeli sandukuni, na Oreste mwokaji husoma kila kimoja kwenye kipaza sauti, bila kuruka hata neno. Atakayekasirika atachekwa mpaka mwaka unaofuata.

Mwaka jana Mzee Kanivali alimwachia Ivana, binti wa Ersilia mshonaji, "pete ya jibini, maana ya dhahabu imekimbia na bwana harusi." Watu walivunjika mbavu. Ersilia naye alicheka, meno nje, moyo unavuja damu. Kesho yake Ivana alipanda treni kwenda Torino, na hajarudi hata Krismasi. Tullio, aliyemwacha bila kusema kisa, akamwoa Norma, binti wa Oreste huyohuyo.

Wiki iliyopita Norma alileta koti kuukuu la mumewe libadilishwe bitana. Mfuko ulikuwa umetoboka, na ndani kabisa Ersilia akakuta barua. Aliisoma mara moja tu. Hakulia. Alilishona koti, akalipiga pasi, akalirudisha. Barua akabaki nayo.

Leo Oreste alisoma hadi koo likamkauka, watu wakiwa hoi kwa kicheko, kisha akakunjua karatasi ya mwisho. Akaikunja tena. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Akasema haisomeki, imeingia maji.

"Maji gani, Oreste?" Ersilia aliuliza kutoka viti vya mbele. "Ya mwanangu uliisoma vizuri sana. Soma."

Uwanja mzima ukadakia, asome, asome. Akasoma, sauti imemshuka.

"Tullio, huyo Ivana ana mimba, na si yako. Kimbia mapema. Ni mimi rafiki yako."

Wachache walicheka, wakidhani ni mzaha. Tullio hakucheka, aliijua barua hiyo neno kwa neno. Norma alipanda jukwaani, akamnyang'anya babake karatasi, akaikodolea macho.

"Baba, huu mwandiko si wako?"

"Nilizua uongo huo kwa ajili yako, mwanangu," Oreste alisema, na kipaza sauti kikawafikishia wote.

Tullio akageuka, akapasua umati, akaondoka bila kumngoja mkewe.

Norma akabaki palepale, uso umelowa machozi, kijiji kizima kikimtazama. Hakuwa na kosa lolote, na Ersilia alilijua hilo. Aliitafuta huruma moyoni, akaikosa. Akasogeza kiti mbele kidogo, apate kuona vizuri.