Udi wa Shemeji Soud

Siku walipokwenda kuiangalia karavani aliyokuwa akiiuza Soud, mwenyewe aliwafungulia mlango na harufu ya udi ikawapokea. Nusra alifurahi. Alidhani ni heshima, mtu anamkaribisha mdogo wake na mke wa mdogo wake, basi kafukiza kama anavyofukiza sebule siku ya wageni. Hata njiani kurudi nyumbani kwao Harrow alimwambia mumewe, "Kaka yako muungwana." Maneno hayo baadaye alitamani ayameze.

Karavani yenyewe ilikuwa kuukuu, kijumba cha magurudumu cha kukokotwa na gari, bati jeupe nje na mbao ndani. Nusra aliitaka kwa sababu zake. Kila kiangazi wenzake wa kazini, kwenye nyumba ya wazee, walirudi kutoka pwani na hadithi tele. Yeye na wanawe walibaki kuutazama ua wa jirani. Hoteli hakuitaka. Chakula chao hujui kimepikiwa sufuria gani, na chooni hakuna hata kopo la maji. Kwenye karavani utapika chako, utasali kwako, na kopo lako unalo. Akiba yao yote ikaenda kwa Soud, wala hawakuandikiana kitu. Ndugu waandikiane nini?

Lakini mvua haijui udugu. Wiki ya pili tangu waiegeshe uani kwao ilinyesha mfululizo, na Nusra alipofungua mlango, udi ulikuwa umekwisha na kilichobaki ni harufu ya tambara lililosahauliwa ndooni. Alibonyeza ukuta kwenye pembe, juu ya kitanda, na kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Karatasi ya ukutani ilikuwa mpya, ya maua. Nyuma yake ubao ulikuwa mweusi, unamegeka.

"Hebu njoo uone!" alimwita mumewe, Mansour. "Karatasi mpya hii kaibandika nani? Na kwa nini pembe hii peke yake?"

"Labda hakujua."

"Hakujua! Mtu akibandika ua juu ya uozo, macho alikuwa kayafumba?"

"Mama Suhaib, yule kaka yangu. Ndiye aliyenipokea nchi hii, nimelala sebuleni kwake mwaka mzima. Mambo haya husitiriwa."

"Na yeye alikuwa akifanya nini, kama si kusitiri?"

Nusra akang'oa kiti cha chini ya dirisha ili aone uozo umefika wapi, na huko nyuma kabisa, kimesukumiwa gizani, akakuta chetezo. Majivu yalikuwemo, na kipande cha udi kilichoungua nusu. Alikaa chini sakafuni akalia kwa hasira. Kumbe si heshima. Yule mtu aliijua harufu ile, akaifukizia, kisha akawatazama usoni akicheka nao.

Alikipeleka kwa mumewe. "Sitaki arudishe chochote," alisema. "Nataka umwambie neno moja tu, ajue kwamba tumejua. Ukishindwa hilo, basi na mimi nitajua nimeolewa na mtu gani."

Mansour alikigeuza chetezo mkononi, akakiweka dirishani. Kisha akachukua bisibisi. "Tuitengeneze kwanza," alisema. Nusra alikaribia kumrushia nyundo.

Wakaitengeneza wenyewe. Walifungua vile vipande vya alumini vinavyofunika viungo vya pembeni, skrubu zimeota kutu, nyingine zikikatika. Chini yake gundi ya zamani ilikuwa imekauka kama ukoko wa wali, na juu yake Soud alikuwa amepaka gundi mpya ya silikoni, nene, ya kuridhisha macho. Maji yaliyokuwa yakiingia kwa juu yakakosa pa kutokea, yakakaa humo humo yakila mbao. Kila walipokwangua, Nusra alimtukana shemeji yake kwa heshima zote.

"Kausha kwanza, dada," alisema jirani yao Hansa, mzaliwa wa Kisumu, kutoka upande wa pili wa ua. "Ukifunga na maji ndani, kazi bure." Akawaazima hita yake.

Walikata mbao zilizooza mpaka wakafika penye uzima, wakaunga mpya, wakaacha hita ifanye kazi yake majuma kadhaa. Kisha wakabandika utepe wa mastiki, ile inayobaki laini isipasuke, wakarudisha vipande vya alumini kwa skrubu mpya. Siku ya kuijaribu, Nusra alishika mpira wa maji akaimwagia pembe ile bila huruma. Mansour alikuwa ndani, anapapasa ukuta.

"Kavu!" alipiga kelele. "Wallahi kavu!"

Nusra alicheka, kisha akakumbuka chetezo bado kiko dirishani, na kicheko kikamkauka.

Kiangazi kilipofika, Soud alikuja baada ya sala ya Ijumaa, na kanzu yake nyeupe. Aliizunguka karavani akiigongagonga.

"Si niliwaambia? Mali safi hii. Sasa Mansour, mwezi wa nane naichukua mimi na wanangu. Nyinyi mtakwenda baadaye."

Nusra alimtazama mumewe. Mansour alitazama viatu vyake, akageuka, akaingia ndani ya nyumba. Haya, amekimbia, Nusra alijisemea, na moyo ukamwuma.

Mansour alirudi na chetezo.

"Kaka, ulikisahau hiki. Kilikuwa chini ya kiti, pale palipooza."

Soud hakukipokea. "Unaniambia nini wewe? Mimi niliyekupokea?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nakupa hapa nyumbani, sikukupa msikitini mbele ya watu. Ulijua, kaka. Na karavani haitoki."

Soud alikichukua. Alitembea mpaka kwenye gari lake akikishika mbali na kanzu, lakini majivu yalimwagika vilevile.

Nusra alikuwa na maneno ya miezi kifuani. Alimtazama mumewe, akaona hakuna lililobaki la kusema. Akaenda kupakia sufuria na kopo karavanini.