Chumba Namba Tatu cha Mashinisti Kabeya

Miaka ishirini na miwili mashinisti Kabeya aliendesha treni kutoka Kamina mpaka Kalemie, na kila aliporudi alimsimulia mkewe Mulanga habari ileile: ziwa lisiloonekana ng'ambo, nyumba za zamani za matofali mekundu zilizopanda mlimani, na chumba namba tatu kwenye gesti ya Mama Salomé, chenye kitanda cha springi na dirisha la kutazama maji. "Nikipata pansheni, tutalala pale sisi wawili." Kabeya akafa pansheni haijafika.

Mwaka wa pili wa ujane, mkwewe Likoke, sajini wa kambi ya Kamina, mtu wa jimbo la Ekwateri, akaleta tikiti tatu za treni na habari kwamba namba tatu imeshashikwa kwa ajili yake. Mulanga alilia, tena bila aibu.

Safarini Mulanga alikaa behewa jingine, mbali na binti na mkwe, katikati ya wauza samaki. Likoke akadhani mama anapenda kupiga soga nao. Maskini! Kwao mkwe hukumbatiwa. Kwa Waluba, mama hamtazami mkwewe usoni, wala hawalali chini ya paa moja. Binti yake Bilonda aliona haya kumweleza mumewe, akajiambia mambo yatajinyoosha yenyewe. Yajinyooshe wapi!

Walifika alasiri. Mama Salomé akawafungulia namba tatu na namba nne, vyumba vya ubavu kwa ubavu. Mulanga akaona mashuka meupe, akaona dirisha, akaona maji. Kisha akatoka, akaketi juu ya valizi yake ya nguo barazani, akawapa mgongo.

"Mama, iko nini?" Likoke akauliza.

Mulanga akasemesha valizi. "Weye valizi, ambia mume ya mutoto yangu: minyi siwezi kulala nyumba moya na mukwe. Kesho treni inarudia Kamina, na minyi narudia."

Alisema hivyo huku moyo unamuuma, maana mlango wa chumba alichokingoja miaka yote ile ulikuwa wazi hatua nne nyuma yake.

Bilonda akainamisha kichwa, akaeleza kila kitu. Likoke akamkodolea macho. "Na weye ulinyamaza tu!" Akachukua begi lake, akateremka kuelekea stesheni jua halijatua, na watu wa reli wakampa behewa tupu la kulala.

Asubuhi alirudi, shati limekunjamana, shingo imekakamaa. Hakuingia. Alisimama getini, akawapa mgongo watu wa barazani, akatazama maji.

"Ziwa," akasema kwa sauti, "uliza mama kama alilala muzuri."

Lo! Mulanga akacheka, kicheko alichokisahau tangu msiba. Halafu machozi yakamtoka, naye akayaacha.

"Ziwa," akajibu, "ambia mutoto yangu mwanaume nililala muzuri sana. Nililala upande moya tu ya kitanda. Ile ingine niliachia Kabeya."