Viatu vya Ngozi ya Bláth

Jumapili jioni wanawake wa kijiji cha Meenaduff walitembea pekupeku mpaka kwenye kijito kilicho chini ya kanisa. Hapo waliosha miguu na kuvaa viatu, maana soli zilitunzwa kwa ajili ya Mungu na macho ya majirani. Mjane Nápla alifunga kamba za viatu vyake vipya, akainuka. Viatu vikageuka, vikaanza kushuka naye bondeni.

“We Nápla, kanisa liko huku!” jirani yake Úna alimwita. “Au viatu vipya vimekupanda kichwani?”

“Saa ya kukamua imefika,” Nápla alijibu. “Vinarudi kwao.”

“Haya, nitakuombea.”

Bwana Harkness, wakala wa mwenye ardhi, alikuwa amemfukuza Nápla nyumbani kwake, akabomoa paa na kumchukua ng’ombe wake, Bláth. Ng’ombe alichinjwa, na ngozi ikamfikia Cathal, mshona viatu. Jozi moja ya viatu alimpa Nápla, kwa kuwa ng’ombe alikuwa wake. Nyingine, ya ngozi nzuri ya mgongoni, iliagizwa na Bwana Harkness.

Viatu vilimfikisha Nápla kwenye zizi lake la zamani, vikasimama pale pale aliposimama Bláth. Bwana Harkness alikuwa ameshafika mlangoni, viatu vyake vimemleta, leso ya chakula ingali shingoni.

“Jioni njema, Nápla.”

“Jioni njema, bwana. Umesimama mlangoni kwangu.”

“Supu yangu inapoa.”

“Si uvivue hivyo viatu?”

Bwana Harkness alivitazama viatu vyake. “Havijanibana hata siku moja. Viatu vya namna hii utavipata wapi?”

“Basi nirudishie nyumba. Hata miguu yako inajua nyumba ni ya nani.”

“Miguu haitii sahihi, mama.”

Mvua ikawanyeshea wote wawili. Muda wa kukamua ulipokwisha, viatu viliwaachia.

Nápla alirudi kila jioni, majira yote ya baridi. Karibu na Pasaka soli zake zilitoboka, na ngozi ya Bláth iliyobaki ilikuwa imeshatumika kwenye soli mpya za Bwana Harkness. Jioni iliyofuata Nápla alimkuta amesimama zizini, kama kawaida.

“Ah, leo umekuja pekupeku,” Bwana Harkness alisema. “Nani kakuleta?”

“Nimejileta.”

Nápla aliweka kigoda chake cha kukamulia katikati ya zizi, akakaa. Bwana Harkness alisogea kumpisha. Muda ulipokwisha alimkumbusha kwamba nyumba si yake, akamtakia usiku mwema, akaenda kula.